Krosi Mpya, Mtetemo Mpya

Katika karakana za jeshi na polisi upo ugomvi mmoja usiokwisha, nao ni ule wa dereva na fundi aliyetoka kubadilisha krosi za shafti. Dereva hulichukua gari, hupita langoni, na baada ya saa moja hurudi uso umekunjamana. "Gari linatetemeka," husema. Fundi, akiwa bado anafuta grisi mikononi, hujibu kwamba krosi ni mpya, amezitoa mwenyewe katika boksi lake, na kwamba mwenye gari hana budi kwenda kupimisha magurudumu. Magurudumu hupimwa, mtetemo hubaki pale pale. Mwisho wa mwezi gari limekwisha kuvishwa krosi mara ya pili, sili ya mafuta ya difu imeanza kuvuja, na bado hapana aliyeuliza swali lililopaswa kuulizwa siku ya kwanza: je, mtetemo huu ulikuwapo kabla ya shafti kushushwa?

Kama haukuwapo, basi aghalabu umeletwa na mkono ulioirudisha. Hayo si matusi kwa mafundi. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana karakanani, nilipata kuirudisha shafti ya Land Rover ya doria ikiwa imekosewa jino moja tu katika sehemu yake ya kuteleza. Nilibishana na dereva kwa siku mbili nzima. Siku ya tatu sajini mmoja mzee aliinama chini ya gari, akatazama kwa muda usiozidi ule wa kuwasha sigara, akaniambia, "Kijana, umeipinda shingo." Nilishusha shafti, nikaigeuza jino moja, na gari likatulia. Tangu siku ile sijapata kumbishia dereva kabla ya kuingia uvunguni.

Ili jambo lieleweke, na tukumbuke kwanza kazi ya chombo chenyewe. Giaboksi imefungwa juu ya fremu, haipandi wala haishuki. Ekseli ya nyuma imekaa katika springi, nayo hupanda na kushuka kila gurudumu linapoingia shimoni. Kinachoziunganisha ni ile fimbo nene ya bomba ambayo sisi huiita propela shafti, na ambayo jirani zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi, waliojifunza ufundi kwa Kifaransa, huiita kardani. Katika kila ncha ya shafti ipo panda, mfano wa panda ya manati, iliyoshikana na panda ya upande wa pili kwa kipande cha chuma chenye umbo la msalaba. Msalaba huo ndio krosi. Miguu yake minne imevaa vikombe vinne, na ndani ya kila kikombe zimepangwa sindano nyembamba za chuma zinazoelea katika grisi.

Wazo hili ni kongwe. Hilo jina la kardani latokana na Gerolamo Cardano, Mwitaliano wa karne ya 16, na Mwingereza Robert Hooke aliandika habari za kiungo hiki katika karne ya 17. Lakini aliyekifanya kiwe cha gari ni Mmarekani Clarence Spicer, aliyepata hataza mwaka 1903 kwa kiungo kilichofunikwa na kutunza mafuta yake ndani, wakati ambapo magari mengi yalikuwa yakivutwa kwa minyororo kama baiskeli.

Sasa, krosi ina ila moja ya asili, nayo haiondolewi na upya wala ubora wa bei. Krosi moja ikizunguka ikiwa imepinda, upande unaopokea mzunguko hauendi kwa mwendo mmoja. Hukimbia kidogo, kisha hupunguza, kisha hukimbia tena, mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Tuseme upande wa giaboksi unazunguka mara 3000 kwa dakika, na pembe ya krosi ni digrii 10. Upande wa pili utakuwa ukipanda hadi 3046 na kushuka hadi 2954, na utafanya hivyo mara 100 katika kila sekunde. Pembe ikifika digrii 20, utapanda karibu na 3190 na kushuka karibu na 2820. Hakuna chuma kinachopenda kusukwasukwa namna hiyo.

Dawa ya ila hiyo ni krosi ya pili. Ile ya nyuma ikiwekwa sawasawa, hupunguza pale ambapo ya mbele inakimbiza, na hukimbiza pale ambapo ya mbele inapunguza, hata mzunguko unaofika kwenye difu ukawa laini. Lakini dawa hiyo ina masharti mawili. La kwanza ni kwamba panda mbili zilizo katika shafti yenyewe, ya mbele na ya nyuma, zilale katika mstari mmoja. La pili ni kwamba pembe ya krosi ya mbele ilingane na pembe ya krosi ya nyuma. Ukivunja sharti la kwanza kwa robo ya mzunguko, krosi mbili ambazo zingefutana makosa hujumlishiana. Ndiyo ile shingo iliyopindwa aliyoiona sajini.

ALAMA KABLA YA SPANA

Kwa hiyo kazi ya kubadilisha krosi haianzi na spana. Huanza na kitambaa, maji na rangi. Safisha shafti yote, kisha piga alama za rangi au za tindo mahali patatu: flanji ya shafti na flanji ya difu; flanji ya shafti na ile ya giaboksi au transfa; na pale katikati ambapo meno ya shafti huteleza ndani ya bomba lake. Alama hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu shafti ikilazwa juu ya meza nusu zake mbili huachana kwa urahisi, na zikirudishwa hukubali jino lolote. Shafti ilisawazishwa uzani kiwandani ikiwa nusu hizo zimeshikana kwa namna moja tu. Yapo pia magari machache ambayo kiwanda kimeweka panda zake zisilale mstari mmoja kwa makusudi. Hapo alama na kitabu cha gari ndivyo vitakavyosema.

Lakini kabla hata ya kuingia uvunguni, askari wa Land Rover za zamani na wa Defender za zamani wasikie neno hili. Breki ya mkono ya magari hayo haishiki magurudumu. Hushika ngoma iliyo nyuma ya transfa, mahali inapoanzia shafti ya nyuma. Ukiifungua shafti hiyo, breki ya mkono itakuwa imeshika hewa tupu, hata kama umeivuta hadi mwisho. Zaidi ya hayo, shafti ikiwa bado imefungwa, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu lile lililobaki chini lizunguke, na gari huweza kuondoka. Kuweka gia hakusaidii. Mtu aliyelala chali chini ya tani moja na nusu ya chuma hana nafasi ya kujitetea. Tafuta uwanja ulio sawa, weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu, na uyajaribu kwa kulisukuma gari kabla ya kulala. Ikiwa karakana yako iko kwenye mteremko, kama zilivyo nyingi katika milima ya Kabale, basi lipeleke gari mahali pengine.

MAKOSA YA MEZANI

Shafti ikiisha kushushwa, kosa la kwanza hufanyika kwenye jiriwa. Fundi mwenye haraka huibana shafti kwa bomba lake, naye hukaza kwelikweli ili isimponyoke. Bomba lile ni jembamba. Meno ya jiriwa huliminya, na shafti iliyopata bonde dogo imekwisha kupoteza mizani yake. Bana panda, usibane bomba. Vilevile anayetoa vikombe kwa kupiga nyundo na agonge panda iliyoegemezwa vizuri, asikinyonge kikombe kwa patasi hata akaharibu tundu lake. Tundu lililopanuka halishiki kikombe kipya, na hapo hakuna krosi ya dunia hii itakayotulia.

Kosa la pili ni la sindano. Wakati kikombe kinaingizwa, sindano moja huanguka na kulala chini, katika kitako cha kikombe. Fundi haioni. Huona tu kwamba kikombe kimekataa kufika mwisho, na kijifaro cha chuma kinachokizuia hakiingii katika mfereji wake. Hapo ndipo tabia ya mtu inapojulikana. Mwenye subira hutoa kikombe, huinua sindano, huipaka grisi na kuanza upya. Asiye na subira hutafuta nyundo kubwa zaidi. Kikombe huingia, sindano hukatika, krosi huwa ngumu upande mmoja, nayo itatetemeka mpaka ife. Njia ya kujikinga ni kuzipaka sindano zote grisi nzito ili zishike ukutani, kisha kuuacha mguu wa msalaba uwe ndani ya kikombe muda wote kinaposukumwa, na kusukuma taratibu kwa jiriwa na soketi badala ya kupiga.

Kosa la tatu ni la vijifaro hivyo vinavyozuia vikombe. Ikiwa kimoja hakikukaa vizuri, au ni kinene kuliko mwenzake, msalaba hukaa kando ya katikati. Mtu atasema, robo ya milimita ni kitu gani? Na tupige hesabu. Land Rover yenye difu ya 4.7 ikienda kilometa 80 kwa saa, gurudumu huzunguka karibu mara 10 kwa sekunde, na shafti karibu mara 45. Kwa mwendo huo, shafti ya kilo 8 iliyohama robo ya milimita kutoka katikati yake huvuta kwa nguvu ipitayo uzito wa kilo 15, ikigeuza upande kila inapozunguka. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu hiyo huzidi mara nne. Hii ndiyo sababu gari hutulia kama maji mtungini ndani ya kambi, kisha hulalamika likifika barabara ya lami.

Kazi ikiisha, shika panda kwa mkono uigeuze pande zote. Inapaswa kwenda kwa ulaini bila kucheza. Ikiwa ngumu, gonga masikio ya panda kidogo kwa nyundo laini. Mara nyingi vikombe hurudi nyuma kwa unywele na krosi hufunguka. Kama ina nipeli, elekeza nipeli upande wa bomba la shafti, pampu ya grisi ipate kuifikia, na usukume grisi hata itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Ikitokeza katika vitatu tu, kile cha nne kitakufa kwa kiu.

KUMHOJI MTUHUMIWA BARABARANI

Tuseme basi makosa yamekwisha kutendeka, na dereva yuko njiani kutoka Mbarara kuja Kampala. Amepita Masaka, na kabla ya kufika Kayabwe, pale mstari wa Ikweta unapoikata barabara, sakafu imeanza kuvuma chini ya buti zake. Polisi hawamfungi mtu kabla ya kumhoji, na gari pia lihojiwe.

Swali la kwanza: mtetemo unafuata injini au unafuata mwendo wa gari? Ukiwa katika mwendo ule ule unaotetemeka, teremsha gia moja. Injini itapiga kwa kasi zaidi, lakini gari linakwenda vile vile. Kama mtetemo haukubadilika, injini imeachiwa huru. Hakikisha kwa kukanyaga klachi mahali palipo wazi na kuliacha gari litambae. Ukibaki, basi uko nyuma ya giaboksi.

Swali la pili: ni shafti au ni magurudumu? Mtikisiko wa gurudumu ni wa polepole, karibu uweze kuuhesabu, na wa mbele huingia mikononi kwa njia ya usukani. Wa shafti ni wa haraka, ni mngurumo, huja katika kiti na sakafu, na wakati mwingine vioo vya pembeni hukataa kuonyesha sura.

Swali la tatu ndilo lenye faida kubwa: je, mtetemo unajali petroli? Ukizidi unapokanyaga na kupungua unapoachia, na hasa ukitokea gari linapoondoka likiwa na mzigo, kagua pembe za krosi na ulegevu wake. Ikiwa haujali petroli, nao unazidi tu kadiri mwendo unavyozidi, kagua mizani ya shafti na namna ilivyofungwa.

Na kabla ya kufungua lolote, osha. Tope la murramu likikauka juu ya shafti ni mzigo uliofungwa upande mmoja. Nimepata kuona gari lililotoka Karamoja wakati wa mvua likiandikiwa shafti mpya, na ugonjwa wake ukapona kwa ndoo mbili za maji na kijiti.

PEMBE NA MIZANI

Pembe huharibika zaidi pale ambapo krosi zimebadilishwa pamoja na springi. Springi mpya huliinua gari, au kabari ndogo iliyokuwa kati ya springi na ekseli husahauliwa mezani, au senta bolti haikuingia katika tundu lake. Kuzipima hakuhitaji mashine. Chukua kipimapembe cha mtoto wa shule, funga uzi katikati yake, ning'iniza nati mwishoni mwa uzi. Gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake mahali pa sawa, pima mwinamo wa flanji ya transfa, wa shafti, na wa flanji ya difu. Tofauti kati ya kila kimoja na shafti ndiyo pembe ya krosi. Pembe hizo mbili zisipishane kwa zaidi ya digrii 1 hivi. Wala usitafute sifuri: krosi isiyopinda kabisa haizizungushi sindano zake, nazo hukaa mahali pamoja hata zikachimba vijifereji. Kanuni hii ni ya shafti yenye krosi moja kila ncha. Zile zenye krosi mbili zilizopachikwa pamoja katika ncha moja zina hesabu yake nyingine.

Pikapu nyingi ndefu za doria zina shafti ya vipande viwili, na katikati yake beringi iliyoning'inizwa katika mpira. Hapo ongeza mtuhumiwa mmoja. Mpira ukichanika, au beringi ikirudishwa bila vibati vyake vya kuinulia, pembe zote huhama kwa pamoja, na fundi atabadilisha krosi mpaka stoo iishe.

Ikiwa pembe ni sawa, panda ziko mstari mmoja, krosi ni laini na bado shafti inanguruma, fungua flanji ya difu, zungusha shafti nusu mzunguko, ufunge tena na ujaribu. Wakati mwingine kasoro mbili ndogo zilizokuwa zimesaidiana huachana. Isiposaidia, ipo mbinu ya porini: chukua klempu mbili za mpira wa rejeta, uzifunge juu ya bomba la shafti karibu na difu, vichwa vyake vikiwa pamoja. Gawa bomba kwa chaki katika robo nne, jaribu gari na vichwa vikiwa katika kila robo, uandike ipi ni nafuu. Katika robo iliyo nafuu, tenganisha vichwa viwili kidogo kidogo mpaka utulivu upatikane. Majaribio haya hufanywa barabarani, gari likiwa juu ya magurudumu yake. Wanaoliweka gari juu ya vigingi na kulitia gia huku mwenzao amelala chini akitazama, wanacheza na roho ya mtu. Na gari linaloendesha magurudumu yote manne litashuka vigingini na kuondoka. Klempu ni za kukufikisha mjini, kwenye mashine ya kusawazishia, si za kukaa mwaka.

Yamebaki maboliti, na hapa sitanii. Maboliti ya flanji ni ya chuma kigumu chenye meno madogo, na nati zake hujifunga zenyewe. Nati hizo zikifunguliwa mara nyingi hupoteza nguvu, weka mpya. Bolti laini ya sokoni, hata ikiwa na unene ule ule, hunyooka kwa mtetemo. Shafti ikifunguka ncha ya nyuma, itaburuta na kupiga kelele, na dereva atasimama. Ikifunguka ncha ya mbele gari likiwa kwenye kasi, huchomeka ardhini kama mkuki, na gari huinuka juu yake pamoja na askari wote waliokaa nyuma.

Basi kaza kwa kuvukisha, bolti hii kisha ile inayoielekea. Kisha chora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye flanji. Baada ya safari ya kwanza, na tena katika kituo cha kwanza cha siku ya pili, dereva na ainame na tochi. Mistari ikiwa mizima, aendelee na safari. Mmoja ukiwa umekatika, gari lisiondoke hapo mpaka spana iletwe.